Mwenzangu Alihesabu Sekunde

Habari zenu nyote mnaonitazama kutoka nyumbani. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo? Leo sitawatembeza popote. Nimekaa chumbani, nimefunga dirisha kelele zisiingie, maana nataka tuongee kuhusu kazi yangu.

Kuna binti ameniandikia. Amehitimu tiba ya usemi na lugha, ameajiriwa, na katika jengo zima hakuna mwingine wa fani hiyo. Madaktari wapo, wauguzi wapo, ila wa tiba ya usemi ni yeye tu. Ananiuliza: "Dada, nitajuaje kama ninachofanya ni sawa?" Swali hilo nimelala nalo siku tatu, kwa sababu na mimi nimepita hapohapo alipo.

Kwa wasioijua kazi hii: sisi ndio tunaokaa na mtoto aliyechelewa kuongea, mwenye kigugumizi, mwalimu aliyekaukiwa na sauti, mzee ambaye kiharusi kimemnyang'anya maneno. Hata mgonjwa anayepaliwa kila akinywa maji huletwa kwetu, kwa kuwa misuli ya kusemea na ya kumezea kwa sehemu kubwa ni ileile. Na kazi hii hufanyika chumbani, mlango umefungwa, ninyi wawili. Nani anakuona? Ukikosea kidogo leo, kesho utakosea vilevile, na mwaka ukiisha kosa limeshakuwa mazoea, wewe mwenyewe unaliita uzoefu.

Mimi lilinitokea. Nilikuwa na mzee mmoja mwenye afasia, yaani ubongo wake uliumia na lugha ikaathirika. Akili yake ilikuwa timamu kabisa, anaelewa, anacheka panapochekesha, lakini neno likihitajika halitoki. Wiki kadhaa nilikuwa namwonyesha picha azitaje, na maendeleo yalikuwa haba. Nikaanza kuamini kwamba hapo ndipo alipofikia. Siku moja, kwa ridhaa yake na ya familia yake, nikarekodi kipindi chetu na kumwonyesha mwenzangu wa kazi niliyemwamini. Alitazama dakika kumi bila kusema kitu. Kisha akarudisha nyuma, akaanza kuhesabu kwa sauti: "Moja, mbili... umeshamdokezea. Tena hapa. Moja, mbili... umemjibia. Na hapa hata mbili haikufika."

Nilipojitazama niliona alichokiona. Ninainua picha ya ufunguo. Mzee anaikazia macho, midomo inajikusanya, kidevu kinatikisika kidogo, neno liko njiani. Na mimi, kwa huruma yangu, nimeshasema "Ufu..." Wiki zote zile nilikuwa namkatiza nikidhani ninamsaidia.

Kipindi kilichofuata nilikalia mikono yangu. Kweli, niliiweka chini ya mapaja ili nisiinue hata kidole. Nikamwonyesha ule ufunguo, nikahesabu moyoni. Tatu. Nne. Tano. Ukimya wa aina ile una uzito, jamani, unaona kama unamtesa mtu. Saba. Nane. Akasema, "U... ufunguo." Akashika meza kwa mikono miwili, akanitazama.

Vitabu vyote nilivyosoma vilisema mpe mgonjwa muda. Nilikuwa nalijua hilo, na mtihani wake nilifaulu. Lakini kujua ni kitu kimoja, na mtu kukuhesabia sekunde zako mwenyewe ni kingine kabisa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi.

Ndiyo maana nakwambia, binti yangu, kuongea na wenzako wa fani si jambo la kufanya ukipata nafasi. Lihesabu kuwa sehemu ya tiba yenyewe.

Na fani hii ilijengwa hivyo tangu mwanzo. Mwaka 1861, katika hospitali ya Bicêtre jijini Paris, kulikuwa na mgonjwa aliyeitwa Leborgne, ambaye takriban silabi pekee aliyoweza kutamka ilikuwa "tan". Alikuwa ameishi pale miaka 21. Alipofariki mwezi Aprili, daktari wa upasuaji Paul Broca aliuchunguza ubongo wake, na siku iliyofuata tu akaupeleka mbele ya wenzake ili waone jeraha lililokuwa upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Miaka 13 baadaye daktari Mjerumani, Carl Wernicke, akaeleza wagonjwa wa namna nyingine: wanaongea kwa mtiririko, lakini maneno hayaleti maana, na kuelewa wanachoambiwa ni kazi. Leo nikiandika kwenye faili aina ya afasia, nasimama juu ya mjadala wao.

Ila mfano ninaoupenda zaidi ni wa karibuni, na ni wa kitu kidogo sana: sirinji.

Mgonjwa mwenye shida ya kumeza wakati mwingine huhitaji kinywaji kizito zaidi, kishuke polepole asipaliwe, kwa sababu kinywaji kikiingia mapafuni kinaweza kumletea nimonia. Zamani unapokea barua: "Apewe kimiminika kizito kidogo." Kidogo kwa nani? Muuguzi wa asubuhi anakoroga kijiko kimoja cha unga wa kuzidishia uzito, wa jioni anakoroga viwili, na kila mmoja ana hakika ametii barua. Mgonjwa ndiye anayelipa tofauti hiyo.

Basi wataalamu wa nchi mbalimbali, wa usemi, wa lishe, wauguzi, madaktari, wakakaa pamoja wakatengeneza kipimo kimoja kinachoitwa IDDSI, chenye ngazi kuanzia 0 hadi 7. Unachukua sirinji ya mililita 10, unatoa kisukumio, unaziba tundu la chini kwa kidole, unajaza kinywaji hadi alama ya 10. Unaachia kidole. Sekunde kumi zikiisha unaziba tena na kusoma kilichobaki. Kikibaki kati ya mililita 1 na 4, ni ngazi ya 1. Kati ya 4 na 8, ngazi ya 2. Zaidi ya 8 lakini bado kinapita, ngazi ya 3. Kisipopita kabisa, umefika ya 4. Angalia tu sirinji yako iwe ya urefu unaotakiwa, yaani kutoka sifuri hadi alama ya 10 iwe milimita 61.5, kwa kuwa sirinji hazifanani. Hakuna mashine hapo. Popote penye sirinji na saa, barua sasa inasomeka sawasawa.

Sasa nije kwenye lugha yetu, na hapa naomba mnivumilie maana pananiuma.

Kwa miaka mingi watoto ambao lugha haikui vizuri bila sababu ya wazi, kama uziwi, walipewa majina chungu nzima. Kila mtaalamu na jina lake, mzazi anachanganyikiwa. Mradi ulioitwa CATALISE, ukiongozwa na mwanasaikolojia wa Uingereza, Dorothy Bishop, uliwauliza wataalamu zaidi ya 50 kwa duru kadhaa mpaka wakakubaliana jina moja, ambalo sisi tunaweza kuliita tatizo la ukuaji wa lugha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 na 2017. Watoto hawa si wachache: hukadiriwa kuwa kama wawili katika darasa la watoto 30. Kazi nzuri sana ile. Lakini walioulizwa walitoka nchi ambazo Kiingereza ndicho lugha kuu.

Na Kiingereza kina tabia zake. Vipimo vyake hutega sikio kwenye visauti vidogo vya mwisho wa neno, vile vya wingi na vya wakati uliopita, kwa sababu hapo ndipo mtoto mwenye tatizo hujikwaa. Kiswahili, mzigo wake mwingi uko mbele. "Nitakununulia" ni neno moja, na ndani yake nimo mimi, umo wewe, kuna wakati ujao, kuna kitendo, na kuna kwamba ni kwa ajili yako. Kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Mtoto akisema "kiti mevunjika", je, ni umri wake, ni namna wanavyoongea kwao, au ni dalili? Ukitafsiri kipimo cha Kiingereza neno kwa neno, swali hilo halimo hata ndani ya karatasi. Atakayelijibu ni mtu anayewasikiliza watoto wa Kiswahili kila siku, akaandika anachosikia, akakilinganisha na cha mwenzake wa mji mwingine. Wewe binti, hapo ulipo peke yako, unasikia vitu ambavyo mimi huku sivisikii. Tafadhali viandike.

Kuhusu siri, sitazunguka. Kuondoa jina hakutoshi. "Fundi wa umri fulani aliyeugua mwezi fulani" katika mji mdogo ni jina tosha. Na kwetu sisi sauti ya mtu ni sawa na uso wake, kwa hiyo rekodi haitoki mkononi mwako bila ridhaa ya maandishi, hata kwa rafiki mwema. Huyo mzee niliyemsimulia, nimebadilisha mambo kadhaa, na neno "ufunguo" silo alilosema siku ile.

Namna ya kuanza ni nyepesi kuliko unavyofikiri. Mtafute mtu mmoja tu. Huhitaji kundi la watu mia wanaosalimiana asubuhi na kutakiana usiku mwema. Mmoja, saa moja, kila baada ya wiki mbili, kwa simu, na kila mtu alete kesi moja. Usilete ile uliyofaulu, lete inayokunyima usingizi. Na anayesikiliza asikimbilie ushauri, aulize kwanza alichokiona mwenzake kwa macho yake.

Jumatano hii ni zamu yangu kuleta. Nina mtoto wa miaka minne anayekua na lugha mbili. Kuwa na lugha mbili hakusababishi tatizo hili, wazazi mnisikie vizuri, msimnyang'anye mtoto lugha ya bibi yake kwa hofu. Ila katika zote mbili kuna kitu kinanitatiza, na sijui kama ninasikia ugonjwa au ninasikia uchache wa mazoezi. Nimeandika sentensi zake 20 kama alivyozitamka, bila kusahihisha hata kiambishi kimoja. Nitamsomea mwenzangu zote, halafu nitanyamaza nihesabu hadi kumi.