Suheli: jina la nyota lililofika Ujiji

ZUHURA: Asalaam aleikum wapenzi wasikilizaji, karibuni tena. Leo tumekaa hapa Ujiji, barazani kwa shangazi yangu, na makelele mnayoyasikia huko nyuma ni watoto wanatoka madrasa. Mimi ni Zuhura, na mwenzangu kama kawaida ni kaka Hamisi.

HAMISI: Waaleikum salaam. Dada Zuhura, leo nimekuja na kadi.

ZUHURA: Kadi ya harusi?

HAMISI: Ya kliniki. Ya mpwa wangu, mtoto wa dada. Hebu soma hapo penye jina.

ZUHURA: "Swahili..." Ngoja kwanza. Mtoto anaitwa Swahili?

HAMISI: Anaitwa Suhail. Dada alilitamka vizuri kabisa, aliyeshika kalamu akasikia Swahili, akaandika Swahili, wino wa bluu, herufi kubwa. Dada akasema atarekebisha, siku zikapita, na kadi hiyohiyo ndiyo iliyotumika kutafutia cheti cha kuzaliwa. Sasa mtoto ana miaka sita, ameanza darasa la kwanza, na kwenye daftari la mahudhurio ni Swahili. Wenzake wanamwita Kiswahili. Juzi karudi nyumbani kamwuliza mama yake: "Mama, jina langu ni somo?"

ZUHURA: Jamani, maskini.

HAMISI: Iliniuma sana. Ndiyo maana nikakuambia wiki hii tusiongelee kingine.

ZUHURA: Na kosa lenyewe linaeleweka kwa sikio letu, maana Kiswahili kina H moja tu. Kiarabu kina mbili. Kuna ile ya kooni, ya Muhammad na Ahmad, na kuna ile nyepesi ya Ibrahim na Harun. "Sahil", pwani, ambayo wingi wake ni "sawahil" na ndiyo iliyotupa neno Swahili, ina H ya kooni. Suhail ina ile nyepesi. Kwa Mwarabu ni maneno mawili yasiyojuana hata kwa undugu wa mbali.

HAMISI: Kwa hiyo Suhail linatoka wapi?

ZUHURA: Kwenye "sahl". Sahl ni ardhi tambarare, laini, isiyomsumbua mtu kupita, na hapohapo ni jambo jepesi. Wazee wetu walilichukua, ukisikia mtu anasema "jambo sahali", au "Mungu atasahilisha", ni hilo. Suhail ni sahl iliyofanywa ndogo kwa mapenzi. Hasan akipunguzwa anakuwa Husein. Sahl akipunguzwa anakuwa Suhail.

HAMISI: Kumbe! Ndiyo maana mapacha wanaitwa Hassan na Hussein.

ZUHURA: Na Sahl na Suhail walikuwapo, ndugu wawili. Mtume alipofika Madina, mahali ngamia wake alipopiga magoti palikuwa uwanja wa kuanikia tende wa mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kuutoa bure, Mtume akakataa mpaka ulipwe. Hapo ndipo ulipojengwa Msikiti wa Mtume. Kila anayekwenda Madina anasujudu kwenye kiwanja cha Suhail. Mwambie mtoto hilo, kaka.

HAMISI: Nitamwambia leo leo.

ZUHURA: Na kuna Suhail mwingine, huyu sasa ni wa kukaa naye kidogo. Suhail bin Amru, msemaji wa Makuraishi, kabila lililotawala Makka. Alikuwa upande wa pili, akipigana na Waislamu, akatekwa katika vita vya Badr. Umar akaomba ruhusa amng'oe meno ya mbele, asisimame tena kuwahutubia watu dhidi ya Uislamu. Mtume akakataa.

HAMISI: Huyo si ndiye wa Hudaibiya, ule mkataba wa amani kati ya Mtume na Makuraishi?

ZUHURA: Ndiye. Mwaka wa 6 Hijria, yaani 628. Mkataba unaandikwa, Ali ndiye mwenye kalamu, wameandika "Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu", Suhail akasema hapana, tungekubali kwamba wewe ni mtume tusingepigana nawe, andika jina lako na la baba yako. Ikaandikwa Muhammad bin Abdillahi.

HAMISI: Naye alipokuwa anakuja, Mtume si alilifurahia jina lake?

ZUHURA: Alipomwona tu anatokea, aliwaambia masahaba jambo lenu limekuwa jepesi. Alilisoma jina. Na kweli, ule mkataba uliowakera wengi siku ile ndio uliofungua njia ya Makka. Suhail mwenyewe akasilimu Makka ilipofunguliwa, na Mtume alipofariki, watu wa Makka walianza kuyumba. Aliyesimama akawatuliza kwa hotuba ni Suhail bin Amru, kwa mdomo uleule ulioachiwa meno yake.

HAMISI: Subhanallah. Sasa niingize langu, maana mimi jina hili sikulijulia madrasa. Nililijulia ziwani.

ZUHURA: Kwa babu yako.

HAMISI: Kwa babu. Alivua dagaa miaka yote ya ujana wake, enzi za karabai, kabla ya hizi taa za sola. Unajua dagaa wanavuliwa giza, mbalamwezi ikiwa kali watu wanalala nyumbani. Kwa hiyo babu alizijua nyota kama unavyozijua nyumba za mtaani kwako. Kule kusini kulikuwa na moja kubwa nyeupe, akiitaja Suheli. Mimi mtoto nikadhani ni jina la rafiki yake aliyefariki.

ZUHURA: Na suheli kwa Kiswahili cha zamani ni kusini.

HAMISI: Kabisa. Kaskazini, suheli. Nyota ikaupa upande jina lake. Na Waarabu wa baharini waliuita Suhaili upepo wa kusini-mashariki. Yule Mwingereza Robin Knox-Johnston, wa kwanza kuizunguka dunia kwa tanga peke yake bila kutia nanga popote, 1968 hadi 1969, chombo chake kilijengwa Bombay na kiliitwa Suhaili, kwa upepo huo.

ZUHURA: Nyota yenyewe Wazungu wanaiitaje?

HAMISI: Canopus. Katika nyota zote za usiku ni ya pili kwa mwanga. Inayoipita ni Sirius, ambayo kwa Kiarabu ni...

ZUHURA: Shi'ra. Imo kwenye Suratun Najm: Yeye ndiye Mola wa Shi'ra.

HAMISI: Hiyo. Na Waarabu wa zamani walikuwa na kisa chao. Suhail alimwoa Jauza, naye ni kundi la nyota, lile Wazungu wanaloliita Orion; usiku wa harusi akamvunja mgongo, akakimbilia kusini na hajarudi. Dada zake wawili, mmoja akavuka mto wa nyota kumfuata, ndiye Shi'ra. Mwingine akabaki ng'ambo analia mpaka macho yakafifia.

ZUHURA: Kisa kizito hicho kwa jina la mtoto.

HAMISI: Kizito, lakini kinaonyesha walivyokuwa wakiiona: nyota iliyokaa mbali, peke yake, chini kabisa. Kwao inaonekana kwa shida. Ukiwa Makka, Suhail ikipanda mwisho wake ni nyuzi 16 hivi kutoka upeo, imegusa vilima. Huko Ghuba wanaisubiri mwishoni mwa Agosti, alfajiri, ikichomoza wanajua joto kali linaanza kukatika. Qatar wamezipa hata setilaiti zao jina hilo, Es'hail, ya kwanza ilirushwa 2013 na ya pili 2018. Ukiwa London huioni kamwe. Sasa njoo Ujiji.

ZUHURA: Na hapa Ujiji inapanda mpaka wapi?

HAMISI: Nyuzi 42! Karibu nusu ya njia kutoka ukingo wa maji mpaka utosini. Nilipokokotoa nilisimama. Jina limetoka kwa watu wanaoichungulia nyota yao, likaja kwa watu ambao nyota hiyo inawaka juu ya paa.

ZUHURA: Lakini kufika kwake huku, tuseme ukweli, halikuja kwa ndege. Limekuja kwa misafara, Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Wale wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, walipofika hapa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wameshatangulia. Walileta majina ya Oman: Khalfan, Seif, Salim, Nasir. Biashara ilikuwa pembe za ndovu na watu. Wengi wa mababu zetu Wamanyema, waliotoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, walipewa majina haya wakiwa mikononi mwa wengine, au waliyachukua waliposilimu.

HAMISI: Kisha wakayageuza.

ZUHURA: Wakayapa mdomo wao. Salim akawa Salumu, Nasir akawa Nasoro, Khamis akawa wewe hapo. Mimi siyaonei aibu. Jina lililolelewa na vizazi vinne vya bibi zetu ni la kwetu, na anayetaka kuniambia Nasoro ni kosa la Nasir, tutabishana mpaka magharibi.

HAMISI: Mbona Suhail halikuenea kama hayo?

ZUHURA: Mimi naona kwa sababu watu wetu walipenda majina ya wakati. Kazaliwa Alhamisi, Hamisi. Ijumaa, Juma. Mwezi wa mfungo, Ramadhani. Darasani kwetu walikuwapo akina Ramadhani wanne. Suhail halina siku wala mwezi, mpaka mtu akutane nalo ndani ya kisa. Pakistani na India wapo wengi, wanaandika Sohail. Irani ni Soheil. Hapa ukimpata mmoja mtaani umebahatika.

HAMISI: Wewe mwenyewe si nyota?

ZUHURA: Zuhura ni ile nyota ya alfajiri na ya jioni, ndiyo. Baba aliniambia nilizaliwa ikiwa inaonekana. Kwa hiyo mpwa wako ni jirani yangu.

HAMISI: Kwa msikilizaji wa Kigoma anayetaka kumwona jirani yako: subiri Mei, mvua zikishakatika, siku za giza. Saa mbili usiku simama ufukweni, Katonga, Kibirizi, popote penye uwazi, elekea kusini-magharibi, ziwani. Utaziona mbili kubwa. Ya juu kulia inayowaka zaidi ni Shi'ra. Ya chini kushoto ndiyo Suheli. Kabla ya saa sita itakuwa imezama majini. Na mwanga utakaoupokea uliondoka kwenye nyota miaka kama 310 iliyopita, msafara wa kwanza wa Waarabu haujafika Ujiji.

ZUHURA: Na jina kwenye cheti mmeamuaje?

HAMISI: Dada kakubali, wanakwenda kuapa kwa wakili, kisha libadilishwe. Tulibishana tahajia. Shemeji anataka Suhail kama ilivyo kwenye vitabu. Dada kasema Suheli, kwa sababu babu alisema Suheli.

ZUHURA: Niko na dada yako.

HAMISI: Na mimi. Juzi nilimpeleka mtoto ufukweni, nikamwonyesha. Aliitazama kimya, kisha akasema, "Inaandikwaje?" Palikuwa na mtumbwi mkuukuu umepinduliwa, nikaokota kipande cha mkaa pale wanapochomea migebuka, nikaandika ubavuni. Akaninyang'anya mkaa akaandika lake chini ya langu. S imegeukia upande mwingine, lakini H ipo mahali pake.