Jini, jeni na bahasha ya khaki

Zamani mtu akichanganyikiwa tulisema ana jini. Leo tumebadilisha irabu moja tu: ana jeni.

Mzee mmoja alinijia kliniki na bahasha ya khaki. Mgonjwa si yeye. Bintiye amechumbiwa, na kaka wa mchumba anaugua skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo na kuamini yasiyo kweli. Basi mzee akamshurutisha kijana akapime vinasaba kwenye maabara ya kulipia. Karatasi inasema: jeni ya DRD2, herufi C (moja ya herufi nne za maandishi ya vinasaba), hatari. "Daktari, nirudishe mahari?"

Mzee wangu, pesa imeshakwenda. DRD2 ndiyo yenye maelekezo ya kutengeneza kipokezi cha dopamini aina ya D2, yaani mlango wa seli unaopokea dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo. Na kweli imo. Utafiti wa mwaka 2014, wagonjwa karibu 37,000 wakilinganishwa na watu 113,000 wasiougua, uliikuta kwenye sehemu 108 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huu. Imo kwa kiasi gani? Chukueni watu 1,000: kama 10 hivi wataugua maishani. Nakala moja ya herufi ile haiwafikishi hata 11! Na kwa Wazungu waliopimwa, hiyo C ndiyo ya kawaida. Wengi wanayo na kazini wanakwenda. Mzee kimya, kisha: "Kwa hiyo hata mimi?" Huenda hata wewe.

Mtaniambia, mbona dawa za ugonjwa huu zinaziba vipokezi hivyohivyo? Ndiyo, tangu klopromazini, hiyo Largactil yenu, ilipoanza kutumika Paris mwaka 1952. Sasa panadoli ikishusha homa, malaria ni upungufu wa panadoli?

Sisemi damu haina neno. Aliyezaliwa tumbo moja na mgonjwa, hatari yake ni kama 10 kwa 100. Hilo mzee angelijua kwa kuuliza tu, bila bahasha. Na mapacha wa kufanana? Mmoja akiugua, mwenzake kuugua hakuzidi nusu kwa nusu.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Jeni ya kipokezi kingine cha dopamini, D3, nairuka; ilivuma miaka ya 1990, tafiti kubwa zikaiangusha. Lakini hili sitaliacha: waliopimwa 2014 karibu wote asili yao ni Ulaya, wachache Asia Mashariki. Mradi wa NeuroGAP umekusanya sampuli Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini kwa sababu hiyo. Neno "hatari" kwenye ile karatasi lilipimwa kwa watu wa asili ya Ulaya, likabandikwa kijana wa Korogwe.

Haya, maswali.