Risiva ya Muziki Inajizima Yenyewe: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Karibu mtazamaji. Risiva iliyo hapa mezani inajizima yenyewe, na leo tunatafuta sababu. Kabla hujagusa bisibisi, chukua saa. Iwashe, uhesabu inakaa muda gani kabla ya kuzima, kwa sababu muda huo ndio unaokuonyesha pa kuanzia.

Ikizima ndani ya sekunde chache, hata kabla hujasikia ule mlio wa "tak" ndani yake, huenda kuna kitu kimekufa ndani; ikizima mara tu baada ya mlio huo, shuku shoti kwenye waya za spika. Ikizima unapopandisha sauti tu, hasa besi inapogonga, washuku spika zenye omu ndogo (yaani upinzani mdogo kwa umeme) au umeme dhaifu. Ikiimba vizuri nusu saa nzima ndipo ikate, na juu yake pana moto wa kuunguza mkono, hilo ni joto. Na ikizima kila mara baada ya muda uleule, muziki ukiwa umesimama au hakuna aliyeigusa kwa saa kadhaa, huenda haina ugonjwa wowote.

Hiyo ya mwisho tuimalize haraka. Ingia kwenye menyu, utafute kipengele kilichoandikwa Auto Standby, Auto Power Off, Eco au Sleep, ukizime. Kama risiva inazima sambamba na televisheni, ni ule udhibiti wa kupitia waya wa HDMI, nao uzime. Kisha toa betri kwenye rimoti ujaribu tena, maana kitufe kilichonasa kwenye rimoti kimewahi kupeleka risiva nzima kwa fundi bure.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe. Ule mlio wa "tak" ni rilei, swichi ya umeme inayounganisha spika. Nyuma yake kuna sakiti ya ulinzi inayochunga mambo matatu: umeme wa DC (wa upande mmoja, kama wa betri) usitoke kwenda kwenye spika, mkondo usizidi, na joto lisipande mno. Likitokea mojawapo, rilei inaachia na risiva inazima, au kioo kinaandika Protect, au taa ya kuwashia inamemeta. Kwa hiyo kuzima si ubovu wa ulinzi, ni ulinzi ukifanya kazi. Ndiyo maana kuiwasha tena na tena kwa matumaini ni hatari: kila mara unasukuma mkondo kwenye kifaa ambacho tayari kimekufa, na baadhi ya risiva hujifunga kabisa zikijizima hivyo mara kadhaa mfululizo.

Hatua ya kwanza: chomoa plagi ukutani. Toa waya zote za spika nyuma ya risiva, upande wa A na B (seti mbili za spika), pamoja na nyaya nyingine zote: HDMI, antena, simu, kila kitu. Iache uchi. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, si kwenye ekstensheni yenye vifaa vingine. Shusha sauti hadi mwisho, washa, usubiri dakika 10.

Ikikaa imewaka, shukuru, ubovu uko nje: kwenye waya, spika, au namna ulivyoziunganisha. Ikizima bila kuwa na kitu chochote nyuma yake, ubovu uko ndani, au kwenye umeme unaoingia.

Tuchukulie imekaa. Sogeza macho hapa kwenye ncha ya waya. Unaona huu uzi mmoja wa shaba uliochomoza pembeni? Ukigusa terminali (pa kufungia waya) ya jirani, au bati la nyuma la risiva, tayari ni shoti. Hii ndiyo sababu ninayoianza nayo siku zote, kabla ya kufikiria transista za ndani zinazokuza sauti. Kata ncha iliyochakaa, menya ganda milimita 10 hivi, sokota nyuzi zote pamoja ziwe moja, uingize bila kubakiza shaba nje. Halafu fuata waya wote mpaka kwenye spika: chini ya mguu wa kochi, kwenye bawaba ya mlango, na hasa mahali ulipopigiliwa misumari.

Sasa mita ya kupimia umeme. Iweke kwenye omu, kipimo cha chini. Waya ukiwa umetolewa kwenye risiva lakini bado umeshikana na spika, pima ncha zake mbili. Spika ya omu 8 itasoma kati ya 5.5 na 7, na ya omu 4 itasoma karibu 3 hadi 3.5. Usishtuke kwamba namba ni ndogo kuliko iliyoandikwa. Mita inapima kwa DC, na spika imetajwa kwa umeme wa muziki. Ikisoma chini ya 1, toa waya kwenye spika upime waya peke yake. Bado iko chini? Waya una shoti. Imekuwa wazi? Basi shoti iko kwenye spika. Mita isipoonyesha njia kabisa, koili imeungua au waya umekatika. Hapo spika itakuwa bubu, lakini siyo inayozima risiva.

Kuna spika inayopima vizuri ikiwa imetulia kisha ikaleta shoti inapocheza. Weka vidole vinne kuzunguka katikati ya koni, isukume ndani taratibu na sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili inasugua sumaku. Usirudishe spika hiyo.

Baada ya hapo rudisha spika moja moja, kila moja dakika 10 kwa sauti ya wastani. Usirudishe zote kwa mpigo, hutajua aliyeleta fujo.

Wengi hukwama kwenye A na B. Kwenye risiva nyingi, ukiwasha zote mbili, spika zinaungana sambamba: omu 8 na omu 8 zinakuwa 4, na 6 na 6 zinakuwa 3. Soma maandishi yaliyo karibu na terminali. Kama yanasema A+B zisipungue omu 8 kila moja, spika za omu 4 huko ni mwaliko wa kuzima. Ile swichi ya omu iliyo nyuma ya baadhi ya risiva kwa kawaida hupunguza tu volti na nguvu. Haiongezi uwezo wa kubeba mzigo.

Joto halina mengi. Acha nafasi ya sentimita 10 pembeni na 15 au zaidi juu, na usipandishe kifaa kingine juu yake. Risiva ya kawaida hugeuza sehemu kubwa ya umeme wake kuwa joto, na joto hilo lazima litoke. Vumbi liondoe kwa brashi laini na hewa, ukiwa umeshika feni isizunguke. Feni isipozunguka risiva ikiwa moto, ndiyo mwizi wako.

Sasa ndani. Sehemu hii ni ya mwenye kujua kutumia mita. Kama wewe siye, ishia hapa na uipeleke kwa fundi. Risiva ikiwa imechomolewa, zile kapasita kubwa mbili za umeme zinaweza kubaki na volti 50 au zaidi kila moja. Zitoe chaji kwa rezista ya omu 1,000 yenye wati 5 au 10, uishike hapo sekunde kadhaa, kisha upime mpaka uone chini ya volti 1. Usipige shoti kwa bisibisi. Cheche hiyo inaharibu ncha, na inaweza kuua sehemu nyingine.

Weka mita kwenye alama ya dayodi. Zifuate transista za kutolea sauti, zile zilizofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupozea. Kati ya kolekta na emita, ikilia au kusoma karibu na sifuri pande zote mbili, imekufa. Ibadilishe pamoja na mwenzake wa jozi, na uzipime pia transista ndogo zinazoziendesha na rezista za emita, ambazo mara nyingi ni omu 0.22, zikiungua moja huondoka na jirani zake. Usisahau kipande cha kukinga umeme kati ya transista na bati, pamoja na pasta ya joto. Kama transista zote ni nzima, tazama kapasita zilizovimba kichwani na risasi iliyopasuka duara kuzunguka miguu ya rilei. Hii huleta kuzima kwa kubahatisha.

Usiiwashe moja kwa moja ukutani ukimaliza. Iunganishe mfululizo na balbu ya kizamani ya waya wa ndani, wati 60 hadi 100. Balbu ikimulika kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima, bado kuna shoti. Ikififia, ondoa balbu, uwashe bila spika, usubiri rilei ishike, upime DC kwenye terminali za spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikizidi 100, usiunganishe spika. Rudi kwenye transista ndogo za mwanzo wa upande huo. Ikiwa sawa, funga spika kuukuu ya majaribio kwanza, uiache icheze saa moja kwa sauti ndogo, na kila baada ya muda uchomoe plagi kwanza ndipo uguse bati la kupozea.