Mtoto Hasikii, au Hasikii?

SEFU: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo nimekuja na daftari, lina mambo matatu kuhusu usonji, ile hali ya ukuaji inayogusa namna mtoto anavyowasiliana na wenzake, na naapa tutayamaliza yote.

MWANAIDI: Wiki iliyopita uliapa pia.

SEFU: Wiki iliyopita ulichelewa. Jambo la kwanza...

MWANAIDI: Ngoja. Jumanne nilimsindikiza mdogo wangu kliniki na mwanawe, ana miezi 20. Wakatupa karatasi ya maswali 20, unajibu ndiyo au hapana.

SEFU: Dodoso la M-CHAT-R hilo. La kuchuja dalili za usonji, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30.

MWANAIDI: Hilohilo. Muuguzi anasoma, mdogo wangu anajibu, mimi nimempakata mtoto. Swali la pili: umewahi kudhani mwanao hasikii? Mdogo wangu hata pumzi hakuvuta. "Huyu? Hasikii hata kidogo! Baba yake mwenyewe kamshindwa." Muuguzi kaandika ndiyo.

SEFU: (anacheka) Hasikii wa utundu!

MWANAIDI: Wa utundu! Mtoto anasikia simu ikitetemeka chini ya mto, chumba cha pili, mlango umefungwa.

SEFU: Na ajabu yake, hilo ni mojawapo ya maswali matatu yanayokwenda kinyume. Kwa mengine, "hapana" ndiyo inayoongeza alama ya wasiwasi. La 2, la 5 na la 12, ni "ndiyo" inayoongeza.

MWANAIDI: Basi mwanangu kapewa alama ya uziwi kwa sababu ya ukaidi.

SEFU: Kwa sababu ya Kiswahili. Dodoso lilitungwa kwa Kiingereza. Kwao kiziwi na mkaidi hawakutani kwenye neno moja. Wanaotafsiri madodoso kama haya hushauriwa wayapeleke kwanza kwa akina mama, waulize: umeelewa nini? Si kutosheka na kamusi.

MWANAIDI: Haya, wewe ungeliuliza vipi?

SEFU: "Una wasiwasi na masikio yake?"

MWANAIDI: Atakwambia ndiyo, juzi yalikuwa yanatoa usaha.

SEFU: "Ukimwita kwa nyuma, huwa hageuki?"

MWANAIDI: Hageuki. Kwa nini? Hasikii.

SEFU: Basi. Turudi kwenye daftari. Jambo la kwanza ni hesabu. Marekani kuna mtandao unaohesabu watoto wa miaka 8 wenye usonji. Mwaka 2000 ilikuwa mtoto mmoja kati ya 150. Mwaka 2022, mmoja kati ya 31.

MWANAIDI: Nao waliulizwa kama hawasikii?

SEFU: Hapana! Wale husoma kumbukumbu za hospitali na za shule. Sasa tazama: mwaka huohuo 2022, Laredo kule Texas ni watoto 9.7 kati ya 1,000. Kituo cha mtandao huo kule California, 53.1. Nchi moja, umri mmoja.

MWANAIDI: Ina maana inategemea nani anatafuta na anatafuta wapi.

SEFU: Kwa sehemu kubwa. Denmark walichambua ongezeko lao wakakuta kama asilimia 60 inaelezwa na vigezo kubadilishwa na rekodi za wagonjwa wa nje kuanza kuhesabiwa. Sisemi yote...

MWANAIDI: Sijamaliza ya Jumanne. Mwisho wa yote wakajumlisha: alama 3.

SEFU: Sifuri hadi 2 unaambiwa nenda nyumbani. Tatu hadi 7 unaitwa kwa mahojiano ya pili.

MWANAIDI: Umeona? Ile "hasikii" ndiyo iliyomvusha. Mdogo wangu hajalala tangu siku hiyo.

SEFU: Hapo hapo! Sasa umeniletea hoja yangu mwenyewe mezani. Ndiyo maana siafiki kumpima kila mtoto.

MWANAIDI: Subiri, hujasikia ya nyumbani.

SEFU: Sisikii mimi?

MWANAIDI: Husikii! Sikiliza. Swali la kwanza: ukinyooshea kidole kitu kilicho upande wa pili wa chumba, mtoto anakitazama? Mdogo wangu alisema ndiyo, haraka haraka. Jioni nikamjaribu. Nikanyoosha kidole kwenye feni, "Ona! Ona!" Mtoto akakitazama kidole. Akakishika. Akakikagua kucha. Nikajaribu dirisha, saa, taa. Kidole, kidole, kidole.

SEFU: Na yeye mwenyewe huwa ananyoosha?

MWANAIDI: Akitaka mlango ufunguliwe anakamata mkono wangu, anaupeleka kwenye kitasa. Hanitazami usoni. Kama vile mkono ni kifaa alichokikuta hapo.

SEFU: Mh. Kwenye dodoso hayo ni maswali mawili, la 6 na la 7, na watu huyachanganya. Kuna kidole cha "nipe" na kidole cha "ona". Cha "nipe" ni cha haja. Cha "ona" hakiombi kitu. Ndege kapita, basi nataka na wewe umwone. Hicho cha pili ndicho watafiti wanakitafuta zaidi, tangu dodoso la awali la Uingereza miaka ya 1990.

MWANAIDI: Basi hebu hesabu. Toa "hasikii", alama zinarudi 2. Ongeza kidole, zinarudi 3. Karatasi ilikosea mara mbili ikapatia.

SEFU: Hiyo ni bahati, si kipimo. Na hilo dodoso la Uingereza, waliwapima watoto zaidi ya 16,000 wa miezi 18, wakawafuatilia miaka. Kati ya waliokuja kuonekana wana usonji, lilikuwa limewanasa asilimia 38 tu. Waliobaki walikuwa wamelipita bila kunaswa.

MWANAIDI: Hilo ni la zamani. Nami nimesoma, maana usiku nilikuwa macho. Hili jipya lilijaribiwa kwa watoto 16,071, matokeo yakatoka 2014. Waliobaki na wasiwasi hata baada ya mahojiano, karibu nusu walikuwa na usonji, na asilimia 94.6 walikuwa na ucheleweshaji au jambo fulani la ukuaji. Sefu, karibu wote walihitaji mtu wa kuwaangalia!

SEFU: Na huyo mtu yuko wapi? Unampa mama jina la hali ya mwanawe, kisha foleni ya mwaka mzima.

MWANAIDI: Foleni itafupishwa vipi kama hakuna anayejua wako wangapi? Mwaka 2016 watoto wa chini ya miaka 5 wenye ulemavu wa ukuaji walikadiriwa milioni 52.9 duniani. Nani atawapangia bajeti wasiohesabiwa?

SEFU: Kuhesabu na kumpima mmoja mmoja ni vitu viwili. Hata wakubwa hawajakubaliana. Chama cha madaktari wa watoto Marekani kinasema mpime kila mtoto, miezi 18 na 24. Jopo la wataalamu wa huduma za kinga na uchunguzi la nchi hiyohiyo likasema 2016 ushahidi hautoshi, si kwa kusema ndiyo wala hapana, kwa mtoto ambaye hakuna aliyemtilia shaka.

MWANAIDI: Huyu hakuna aliyemtilia shaka. Bila karatasi ningeendelea kumwona mtundu.

SEFU: Na bila karatasi mdogo wako angelala.

MWANAIDI: Usiseme hivyo.

SEFU: Nimesema.

(kimya)

MWANAIDI: Mahojiano ni Alhamisi. Nitakwenda, na nitamfafanulia muuguzi mwenyewe "hasikii" ni ipi.

SEFU: Mweleze. Lakini sijabadilika.

MWANAIDI: Wala mimi. Jambo la pili?

SEFU: Chanjo. Denmark, watoto 657,461, utafiti wa 2019, chanjo ya surua haikuonekana kuongeza usonji. Hilo peke yake linataka nusu saa. Na la tatu...

MWANAIDI: Sefu, fundi ananyoosha kidole kwenye saa.

SEFU: Dakika moja. La tatu ni wazazi, maana mafunzo ya...

MWANAIDI: Sefu.

SEFU: ...mafunzo ya walezi yale ya Shirika la Afya Duniani...

MWANAIDI: Fundi, zima tu. Hasikii huyu.