Kredo, Kondakta na Kilatini: Njia ya Kujifunza Msamiati wa Kiingereza

Walimu wenzangu, wazazi, na ninyi vijana wa kidato cha nne mliokuja Jumamosi asubuhi, hamjambo? Ahsanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupata msamiati wa Kiingereza. Wengi wenu mna daftari la maneno magumu: neno upande huu, maana upande ule, mstari baada ya mstari. Mnakariri usiku, na wiki mbili baadaye mengi yameshasahaulika. Msijilaumu. Neno likiwa peke yake, akili haina pa kulishikia. Ninachotaka kuwaambia leo ni kwamba ninyi mnaozungumza Kiswahili mnaijua tayari kazi ya kuyapanga maneno kwa koo zake, kwa sababu lugha yenu yenyewe imejengwa hivyo. Kilichobaki ni kuutumia ujuzi huo kwenye Kiingereza, na njia ya kupitia ni Kilatini.

Tuanze na kredo, yaani salio la kupigia simu. Nani humu hajawahi kumwambia ndugu yake, "Niwekee kredo ya hamsini"? Neno hilo limetokana na "credit", na "credit" limetokana na kitenzi cha Kilatini credere, yaani kuamini, na pia kumkabidhi mtu kitu kwa kuwa unamwamini. Wakatoliki mlio hapa, ile sala mnayoianza kwa "Nasadiki" huanza kwa "Credo" katika Kilatini. Sasa tazameni ndugu zake. "Credible" ni mwenye kuaminika. "Incredible" ni jambo lisilosadikika. "Creditor" ni yule aliyekuamini akakukopesha. "Credentials" ni zile hati ambazo balozi mpya huziwasilisha kwa Rais pale Ikulu, ili aaminiwe kwamba kweli ametumwa na serikali yake. "Discredit" ni kuiharibu imani ambayo watu walikuwa nayo kwa mtu. Ukiushika mzizi wa kredo, yote haya yanakuja kwa pamoja, wala huhitaji kuyakariri moja moja.

Halafu rudini nyumbani kwenye Kiswahili: amini, imani, mwaminifu, amana. Amana ni nini? Ni mali uliyomwachia mtu kwa sababu unamwamini. Kilatini kiliunganisha kuamini na kukabidhi, na Kiarabu, ambako maneno haya yetu yametoka, kikaviunganisha vivyo hivyo. Mimi jambo hili hunifurahisha kila ninapolifundisha. Fikirieni pia hakimu, hukumu na mahakama. Au kitabu, katibu na maktaba. Mnayasikia maneno haya yanavyofanana hata kama hakuna mwalimu aliyewaonyesha. Sikio hilo hilo ndilo ninalotaka mje nalo kwenye Kiingereza.

Kijana mmoja kabla hatujaanza aliniuliza: kwa nini Kilatini, na hakuna mtu anayekizungumza? Swali zuri. Kiingereza si mtoto wa Kilatini. Ni lugha ya ukoo mmoja na Kijerumani, na maneno yake ya nyumbani, kama "water", "bread" na "hand", ni ya asili hiyo. Lakini mwaka 597 wamisionari kutoka Roma, wakiongozwa na Augustine, walifika Kent na Kilatini cha kanisa. Mwaka 1066 William wa Normandy akaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu Kifaransa, ambacho chenyewe kimezaliwa na Kilatini, kikawa lugha ya wafalme na mahakama. Wakaja wanasayansi: William Harvey alieleza mzunguko wa damu kwa Kilatini mwaka 1628, na Isaac Newton akaandika kanuni zake za mwendo kwa Kilatini, mwaka 1687. Ndiyo maana Kiingereza cha sheria, sayansi na ofisi, yaani kile mnachokutana nacho kwenye karatasi ya mtihani, kimejaa Kilatini. Na sisi je? Maji, moto na mkono ni vya Kibantu, ilhali sheria, hesabu na wakili tumevipata kwa Waarabu.

Sasa twendeni stejini, kwenye kituo cha mabasi. Kondakta ni "conductor", na ndani yake mna ducere, kuongoza. "Introduce" ni kumwongoza mtu aingie ndani, na kweli ukimtambulisha mgeni unamwingiza katika kundi lako. "Reduce" kwa asili ni kurudisha nyuma. Wazazi mlioajiriwa mnalijua neno "deduction" kwenye hati ya mshahara: ni kile kilichoondolewa kabla pesa hazijakufikia. Na "abduction", neno ambalo magazeti yetu yameliandika mno tangu 2024 na ambalo familia nyingi zimelilia, lina ab, yaani mbali na: kumpeleka mtu mbali na watu wake.

Basi lenyewe ni kipande cha neno la Kilatini, "omnibus", yaani kwa ajili ya wote. Ndugu yake yumo katika kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Strathmore, "Ut omnes unum sint": ili wote wawe kitu kimoja. Kaulimbiu ya Chuo Kikuu cha Nairobi nayo ni "Unitate et Labore", kwa umoja na kwa kazi. Kutoka labor mnapata "laboratory", mahali pa kufanyia kazi, na "collaborate", kufanya kazi pamoja.

Neno moja nataka tulikalie kidogo. Oktoba 2024, Seneti ya Kenya ilipopiga kura ya kumwondoa Naibu wa Rais, nchi nzima ilikuwa ikitaja "impeachment". Neno hilo linatokana na mguu. Kwa Kilatini mguu ni pes, na shina lake ni ped. Kutoka hapo likaja pedica, pingu ya miguuni, kisha impedicare, kumtia mtu pingu hizo. Kifaransa kikalichukua kwa maana ya kuzuia, Kiingereza kikalipokea na kulipa maana ya kushtaki kiongozi. Mkijua hivyo, "impede" haiwasumbui tena: ni kuzuia, kukwamisha. "Expedite" ni kinyume chake, kuifungua miguu ili jambo liende haraka. "Pedestrian" ni mtu wa miguu, na wanafunzi wanaovuka Jogoo Road kila siku wanalijua.

Mtauliza kwa nini "impede" huanza na im, na wala si in, kile kiambishi cha Kilatini chenyewe. Hapa Kiswahili kinawapa nafasi nzuri. Tunasema nyumba nzuri, lakini nyumba mbaya. Ubao ukiwa mwingi huwa mbao. Na -refu likikutana na n huwa ndefu. Kinywa hulegeza pale sauti mbili zinapogongana. Kilatini nacho hubadili hiyo n: mbele ya p na b inakuwa m, kama katika "impossible", mbele ya l inakuwa l, ndipo tukapata "illegal", mbele ya r inakuwa r, "irregular". Mabadiliko si yale yale kila mahali, ila sababu ni moja.

Lazima pia niwatahadharishe, kwa sababu mzizi unaweza kukudanganya vibaya. In ina maana mbili: kuna ile ya kukanusha, na kuna ile ya kuingia ndani, kama katika "import". Neno "inflammable" halina ukanushaji wowote. Ni kitu kinachoshika moto kwa urahisi. Kwa kuwa watu walikuwa wakilielewa kinyume, na kosa hilo linaweza kuua, siku hizi maonyo kwenye vitu vya kuwaka huandikwa "flammable". Kuna pia "paediatrician", daktari wa watoto. Hahusiani na miguu kamwe: mzizi wake ni wa Kigiriki, maana yake mtoto, na ile a katika maandishi ya Kiingereza cha Uingereza tunachotumia Kenya ndiyo inayowaonyesha tofauti. Kwa hiyo kisieni maana kwa mzizi, isomeni sentensi nzima muone kama inakubali, kisha fungueni kamusi inayoonyesha asili ya maneno.

Kwenye daftari, mzizi mmoja upewe ukurasa wake. Juu kabisa andika neno unalolitumia kila siku, kredo au kondakta, halafu acha nafasi. Ndugu zake utawaongeza utakapokutana nao, hata kama ni mwezi ujao. Kusanyeni yale mliyoyasoma wenyewe mahali fulani. Orodha ndefu ya kunakili kutoka kitabuni itawarudisha kulekule kwenye kukariri.

Nimeleta magazeti ya leo, yako pale mezani. Kila wawili wachukue moja, mpige mstari chini ya kila neno mnalolishuku kuwa na cred, duc au duct, ped au port, ambayo ni kubeba. Mna dakika kumi, kisha tutayapitia ubaoni moja baada ya jingine, na maswali nitayapokea hapo hapo.