Mkoba Ufunguliwe Kabla ya Kupanda Boti

BARAKA: Karibuni tena kipindini. Leo tunazungumzia ziara za shule visiwani, zile za kujifunza uhifadhi wa wanyamapori na sayansi ya mazingira. Niko na mwenzangu Mwalimu Zuhura, na yeye amekwisha kuwapeleka wanafunzi si mara moja. Mwalimu, wanyama wapo hata bara. Kwa nini kisiwa?

ZUHURA: Kwa sababu kisiwani hakuna pa kukimbilia. Bara, mnyama akikosa chakula huku atahamia kule. Kisiwani ahamie wapi, na bahari imemzunguka? Tena wanyama wengi wa visiwani wameishi vizazi na vizazi bila adui wa miguu minne. Ndege wanataga chini, wengine hata kuruka wamesahau. Mchukue dodo, ndege mkubwa asiyeruka wa kisiwa cha Mauritius, Bahari ya Hindi. Waholanzi walitia nanga pale mwaka 1598, na kabla karne iliyofuata haijaisha, dodo hayupo.

BARAKA: Walimla?

ZUHURA: Waliwinda, ndiyo. Lakini meli zilileta pia panya na nguruwe, na yai lililo chini halina pa kujificha. Hilo la panya ndilo ninalotaka mtoto alishike kabla hajatia mguu kwenye boti.

BARAKA: Nilipoangalia ratiba yako, saa nzima ya kwanza ni ya kukagua mikoba. Nikajiuliza, watoto hawatachoka?

ZUHURA: Wakisimama tu kwenye foleni, watachoka. Wakifanya wenyewe, hawachoki. Kila mmoja anamkagua mwenzake. Viatu vinasuguliwa kwa brashi mpaka kwenye mifereji ya soli. Soksi zinageuzwa, mifuko ya suruali inatolewa nje. Mbegu ikionekana inabanwa na utepe wa gundi kwenye karatasi, na pembeni inaandikwa ilikotoka: soksi, mfuko, zipu. Kabla boti haijaondoka tayari wana takwimu zao wenyewe.

BARAKA: Na mbegu moja ni tatizo kiasi hicho?

ZUHURA: Nikupe kisa cha panya, maana mbegu nayo huingia hivyohivyo, bila kuonekana. Kuna kisiwa cha Lord Howe, mashariki ya Australia. Mwaka 1918 meli moja iitwayo Makambo ilikwama pale, ikatengenezwa, ikaendelea na safari. Panya walikuwa wameshashuka. Aina tano za ndege wa kisiwa kile zikatoweka kabisa. Na kulikuwa na mdudu mkubwa mweusi, mfano wa kijiti kinene, urefu wa kiganja. Naye akaisha. Watu wakamhesabu miongoni mwa waliotoweka duniani.

BARAKA: Wakamhesabu? Kwani alikuwepo?

ZUHURA: Mwaka 2001 watafiti walikwenda kwenye Ball's Pyramid, jiwe refu linalochomoza baharini kilomita kama 23 kutoka hapo. Ni jabali tupu, mti wa maana huuoni. Usiku, kwa tochi, chini ya kichaka, wakawakuta. Walihesabu 24 tu.

BARAKA: Ishirini na nne.

ZUHURA: Nikifika hapo darasani, nanyamaza kidogo. Huwa hakuna anayegusa hata kalamu.

BARAKA: Sasa tufike kisiwani. Boti imeshusha watu. Wafanye nini? Maana ziara nyingi ninazozijua ni kutembea nyuma ya mhifadhi, kupiga picha, kula, kurudi.

ZUHURA: Na mimi niliwahi kuongoza ziara ya namna hiyo, na inaniuma mpaka leo. Tulirudi na mikoba imejaa maganda ya konokono wa baharini. Nami sikuwazuia. Kuna kaa ambaye tumbo lake ni laini, anajihifadhi ndani ya ganda kama lile, na kila akikua lazima atafute kubwa zaidi. Tulibeba nyumba zake. Kwa hiyo sasa mikoba hukaguliwa mara mbili, kwenda na kurudi.

BARAKA: Hiyo ya kurudi sikuifikiria kabisa.

ZUHURA: Basi kazi yenyewe. Mimi napenda kisanduku cha nyayo. Ni kisanduku kirefu, wazi pande zote mbili, kama handaki dogo. Ndani unatandika karatasi, katikati kuna wino, na juu ya wino siagi kidogo ya karanga. Unakiacha usiku mzima. Panya akiingia kufuata harufu anakanyaga wino, akitoka ameacha saini yake. Asubuhi watoto wanatoa karatasi na kulinganisha nyayo: huyu ni panya, huyu ni mjusi, hivi vialama vidogo ni kaa.

BARAKA: Na wasipokuta nyayo ya panya?

ZUHURA: Hapo ndipo sayansi inapowaingia. Mtoto huwa anasema, "Mwalimu, hatukupata kitu." Hapana, umepata. Kisiwa kilichosafishwa panya, karatasi isiyo na unyayo wa panya ndiyo habari njema, na mhifadhi anaihitaji kila msimu. Ila usiku mmoja hautoshi kuapa kwamba hawapo. Lazima kurudia, tena mahali palepale.

BARAKA: Kuwaondoa panya kunawezekana kweli?

ZUHURA: Kunawezekana, kwa gharama na uvumilivu. Kisiwa cha Chumbe, hapo Zanzibar, waliwaondoa mwaka 1997, na watoto wa shule wanakwenda kujifunza pale. Lakini kinachonigusa zaidi ni kisiwa cha Pinzón, huko Galápagos, visiwa vya Ekwado katika Bahari ya Pasifiki. Kwa zaidi ya miaka mia moja kobe wakubwa walitaga, mayai yakaanguliwa, panya wakala vitoto vyote. Wazee wanazidi kuzeeka, mtoto hakuna. Wahifadhi ikabidi wakusanye mayai, wavilee vitoto kwenye kisiwa kingine mpaka vikomae ganda, ndipo wavirudishe. Mwaka 2012 panya wakaondolewa kwa chambo cha sumu. Mwishoni mwa 2014 wahifadhi wakakuta vitoto vya kobe vinatembea, vimeanguliwa palepale, havikusaidiwa na mtu.

BARAKA: Kuna kobe kule aliyekuwa mtoto mara ya mwisho yalipotokea hayo.

ZUHURA: Inawezekana kabisa. Wanaishi zaidi ya miaka mia.

BARAKA: Mwalimu anayetusikiliza na hana njia ya kufika kisiwani?

ZUHURA: Achukue bakuli la maharage. Wanafunzi wachote 20, wayatie alama ya wino, wayarudishe, wachanganye vizuri. Wachote tena 20 bila kuangalia. Tuseme matano yana alama. Ishirini mara ishirini, gawa kwa tano.

BARAKA: Themanini.

ZUHURA: Themanini, kwa kukadiria. Kisha wamwage bakuli wahesabu moja moja, waone wamekosea kwa kiasi gani. Watafiti hukadiria idadi ya wanyama kwa njia hiyohiyo.

BARAKA: Na zile karatasi za nyayo, mkirudi zinakwenda wapi?

ZUHURA: Nakala kwa mhifadhi, nakala shuleni, na tarehe na ramani ya kila kisanduku. Mwaka unaofuata darasa jingine linakwenda na ramani ileile, linaweka visanduku palepale.