Kununua kwadi Dodoma: anzia kwenye korongo, si kwenye CC

NEEMA: Mbukwenyi, wasikilizaji wetu, karibuni tena. Niko na kaka yangu Elia, na leo tunazungumzia kwadi, zile pikipiki za magurudumu manne. Mtu anataka ya kutembelea Jumamosi na Jumapili, achukue ipi?

ELIA: Mbukwa, dada. Mimi namuuliza kwanza, utapita wapi? Watu wanaanza na CC, yaani ukubwa wa injini: 250, 500, 700. Hapa kwetu kinachokukamata ni mchanga wa korongo. Kiangazi korongo limekauka, unaona njia pana, nyeupe, inakuita. Ukiingia, gurudumu la nyuma linajichimbia shimo.

NEEMA: Na wewe ya kwanza ulinunua ya michezo.

ELIA: CC 250, inavuta nyuma tu, ina klachi na cheni. Nyepesi, kwenye uwanda mgumu ni raha tupu. Nikaipeleka kando ya bwawa la Hombolo mwezi wa pili, mvua imeshanyesha. Ilizama hadi kwenye ekseli. Vijana waliokuwa wanavua samaki waliacha nyavu zao wakaja kunisukuma.

NEEMA: Pole. Kwa hiyo haifai huku?

ELIA: Inafaa kwa anayejua ardhi anayoikanyaga. Ila familia inayokwenda kuchoma nyama huko porini na dumu la maji la lita 20 nyuma, ningeipa ile ya kazi: otomatiki, inavuta magurudumu yote manne, ina keria mbele na nyuma. Nzito, nyingi zinakaribia kilo 300, na haina mbio sana. Lakini korongoni inatoka.

NEEMA: Hapo kwenye otomatiki, waeleze habari ya mkanda.

ELIA: Otomatiki nyingi zinatumia mkanda wa mpira kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana. Ukipanda ukingo mkali wa korongo huku umeweka H, gia ya mwendo wa kasi, mzigo umejaa, mwendo wa kinyonga, mkanda unateleza badala ya kuvuta, unapata moto mpaka unaungua. Harufu yake ni ile ya kandambili iliyoangukia kwenye jiko la mkaa. Mahali pale unaweka L, gia ya nguvu, basi. Aliyeniuzia yangu ya otomatiki hakunitamkia hilo, na mkanda ulipoungua, mwingine hakuwa nao. Kwadi ililala uani siku 19, kila asubuhi naiona pale. Niliumia. Siku hizi nikiingia kwa muuzaji naulizia mkanda, chujio na pedi za breki kabla sijataja bei. Kama hana, hata iwe nzuri namna gani, sinunui.

NEEMA: Na miiba? Dodoma hii ya migunga.

ELIA: Chukua tairi nene, halafu tembea na viziba na pampu ndogo. Upepo wake ni mdogo sana, nyingi ni PSI 5 hadi 7, ili tairi itandae mchangani. Geji ya gari huko chini haikupi kipimo cha kuaminika, nunua yake.

NEEMA: Sasa niseme la watoto, na hapa naomba mnisikilize. Mwanangu ana miaka 13, anaililia ya CC 250. Mwongozo wa siku nyingi wa watengenezaji ni kwamba inayozidi CC 90 ni ya miaka 16 kwenda juu. Nimemwambia atasubiri, amenuna, na atasubiri. Halafu ile siti ndefu inatudanganya. Urefu wake ni wa dereva mmoja, aegemee mbele akipanda mlima, arudi nyuma akishuka. Ukimpakia mtu umemnyima dereva nafasi hiyo. Kwadi ikiinuka mbele na kupinduka, kilo 300 zote zinawaangukia nyinyi.

ELIA: Kweli kabisa. Mnaotaka kwenda wawili, chukueni iliyoundwa kwa watu wawili, au ile yenye usukani kama wa gari, mikanda ya siti na kizimba cha vyuma. Bei imechangamka, lakini hata mama yangu mzazi anaipanda bila hofu.

NEEMA: Na kofia ngumu.

ELIA: Kila safari. Hata ya kwenda kisimani.

NEEMA: Lingine limo moyoni mwangu. Mimi nimekulia Kondoa. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza 1973 kwa sababu udongo wetu ulikuwa unakwenda na maji, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika la Kondoa Irangi ili majani yarudi. Fikiria mfugaji anaambiwa aondoe ng'ombe wake. Wazee wetu walilipa gharama hiyo. Siwezi leo kupanda kilima kile nikikata njia mpya kwa tairi, mvua ya Desemba ije igeuze alama zangu kuwa mfereji. Fuateni njia iliyopo. Na shamba la zabibu au la mtama likiwa pembeni, punguzeni mwendo, vumbi linawakalia watu kwenye mazao.

ELIA: Nakuunga mkono, dada.

NEEMA: Haya, mwenye kununua iliyotumika aanzie wapi?

ELIA: Aanze na injini ikiwa ya baridi, asikubali kukuta imeshawashwa. Ainue mbele, atikise gurudumu aone kama limelegea. Kisha afungue siti, atoe chujio la hewa, apitishe kidole upande ule unaoelekea injini. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, injini imekula mchanga, ringi zimelika. Arudishe chujio, afunge siti, amshukuru mwenye nayo, aende zake.